Wikendi ya kuwaona rafiki jukwaani Lubumbashi, bila kumwachia mtu njia

Mimi ni mshonaji, naishi Likasi, huku Katanga, Kongo. Rafiki zangu watatu tuliosoma pamoja walihamia Lubumbashi, na wote wamekuwa watu wa jukwaani: mmoja anaimba na bendi mtaa wa Kamalondo, mmoja ni mwigizaji wa tamthilia, wa tatu anacheza na kundi la karindula, muziki wa banjo kubwa, kule Katuba, mtaa mwingine wa mji huohuo. Nguo zao za kazi zinapita kwenye cherehani yangu, kwa hiyo nikishuka mjini Jumamosi huwa nina mfuko mkubwa begani. Mwanamke peke yake, mfuko, macho yanatafuta namba za milango: ukitaka kujua mwanaume ana maneno mangapi ya kumtupia mtu asiyemjua, tembea hivyo toka Poste, pale posta ya mjini, hadi kwenye taksi-basi.

Wadogo zangu na wateja wangu wasichana wananiuliza kila mara nafanyaje. Wengine wameshaacha kwenda, wanaona heri wangoje video ya onyesho kwenye simu siku ya pili. Lakini video haikupi joto la watu, na rafiki yako akiwa jukwaani haoni uso wako mbele yake. Ndiyo maana naandika.

Suala la mavazi nalimaliza upesi. Lubumbashi iko juu, kama mita 1200, na mwezi wa sita na wa saba usiku wake una baridi ya kweli. Miezi hiyo mimi natembea na koti la kufika magotini, kitambaa kichwani na soksi nene, sionekani hata shingo. Miluzi ni ileile ya mwezi wa kumi, wakati joto limetuchosha na kila mtu kavaa chepesi. Vaa unachokipenda. Viatu tu ndivyo uvichague kwa akili: vya kukuwezesha kutembea haraka kwenye barabara yenye mashimo.

Kinachomponza mtu ni kusimama. Anayepita hutupiwa neno moja na lenyewe linabaki nyuma yake. Anayesimama huletewa mazungumzo. Anayesimama mahali pamoja nusu saa, gizani, anaangalia simu, tayari kuna watu wawili wanagombana nani alimwona kwanza. Kwa hiyo kila nitakalosema hapa chini lina kazi moja, kupunguza dakika za kusimama.

Uliza saa ya kupanda jukwaani, usiulize saa ya kuanza

Bango likisema 18 h 00, hiyo ni saa ya bango. Ukumbi wa Halle de l'Étoile, ule wa Wafaransa pale mjini, una mlango, walinzi na viti, na onyesho halichelewi sana. Hata likichelewa umekaa ndani kwenye taa. Baa ya Kamalondo ni habari nyingine. Bendi inafanya balansi ya sauti wakati watu wa kwanza wameshaagiza bia zao za Simba, umeme unakatika, jenereta inakataa, kiongozi wa bendi anatoka kununua mafuta na harudi. Ukifika kwa saa ya bango utakuwa mwanamke pekee kwenye meza za plastiki, na kila meza itakutumia chupa usiyoiomba. Chupa hiyo irudishe kwa mhudumu huku mtumaji anaona, ikiwa bado imefungwa. Ukishaifungua umefungua na mengine.

Kwa hiyo muulize rafiki yako: “Mtapanda saa ngapi?” Halafu muulize tena mpiga gitaa, maana waimbaji wanatoa saa ya matumaini. Wapiga vyombo ndio wanaojua.

Kuna maswali mengine matatu ya kuuliza kabla hujatoka nyumbani. Naingilia mlango gani? Jina langu liko kwa nani pale mlangoni? Narudi na nani? La tatu ndilo rafiki wengi hulijibu “tutaona”. Usikubali “tutaona”. Rafiki anayekuita kwenye onyesho lake bila kujua utarudije hajakualika, amekutangazia tu. Wangu niliwaambia hivyo, wakanuna, na sasa mpiga ngoma mwenye gari anajua kwamba kiti kimoja cha nyuma ni cha mshonaji.

Njiani

Kutoka Likasi ni kilomita kama 120 kwa ile barabara kuu, na malori ya shaba na kobalti ndiyo yanayoamua utafika lini. Ondoka asubuhi. Mjini giza linaingia mnamo saa kumi na mbili jioni, mwaka mzima halitofautiani sana, na unataka kuwa umeshaoga kwa rafiki yako kabla ya hapo.

Beba noti ndogo, za franga 500 na za 1000, kwenye mfuko wa koti, mbali na pesa yenyewe. Ukilipa kwa noti kubwa unangoja chenji, na kungoja chenji ni kusimama. Tena anayekurudishia chenji anapata muda wa kukuuliza unakaa wapi.

Pikipiki ni lazima, hasa kwenda Katuba. Manseba, yaani madereva wa pikipiki, wazuri wapo, na ukimpata mzuri chukua namba yake, kisha tafuta wa pili, maana wa kwanza Jumapili yuko kanisani. Patana bei ukiwa bado umesimama chini. Mfuko usiuweke mgongoni, uweke katikati yako na dereva: akifunga breki za makusudi mara tatu kwenye barabara tupu, anayemgonga mgongoni ni mfuko wa nguo. Usiku sipandi pikipiki ya mtu nisiyemjua. Tunakodi taksi moja watu wanne na tunamshusha kwanza anayekaa mbali peke yake.

Angalia pia kama kuna mechi. Uwanja wa TP Mazembe, uliofunguliwa mwaka 2011, uko palepale Kamalondo, na mechi ikiisha watu wanajaza barabara na taksi zinapotea. Siku hiyo ama uingie Kamalondo kabla ya kipenga cha mwisho, ama ungoje nyumbani mpaka barabara ziachie.

Jibu salamu, usijibu swali

Wanaume wa barabarani wanajua tumelelewa vizuri, na hapo ndipo wanapoingilia. “Bibi! Bibi weye, unapita bila kusalimia batu?” Hiyo imetegwa kwenye heshima. Ukinyamaza una majivuno, na neno la pili litakuwa tusi. Ukisimama umekwisha. Mimi najibu “Yambo” kwa sauti ya kusikika, miguu inaendelea. Salamu ni haki ya kila mtu, hata mlevi. Swali ndilo linalotaka usimame: unaitwa nani, unatoka wapi, juu ya nini umekasirika. Swali lolote baada ya salamu liache lianguke chini.

Mzee mwenye mvi akikukonyeza, muite “papa”, kwa sauti, mbele ya wenzake, na upinde goti kidogo. “Yambo papa, muko wazima?” Wenzake watacheka, na wanamcheka yeye. Kijana ni kinyume chake, muulize habari za nyumbani: “Mudogo yangu, mama iko muzima?” Wengi hujibu “iko muzima” kabla hawajakumbuka walichotaka. Sisemi ni dawa. Kwenye kundi la vijana sita haifai, maana kila mmoja anaonyesha wenzake, na hapo unavuka barabara mapema, kabla hujawafikia.

Pete ya uongo haifanyi kazi. Atakuuliza bwana yuko wapi, na tayari mko kwenye maongezi. Simu ya uongo sikioni pia haifanyi. Simu kubwa sikioni usiku inaita watu wa aina nyingine.

Anayekufuata ndiye wa kumchukulia hatua. Usiende naye mpaka kwenye geti la rafiki yako, atalijua. Tafuta mama anayeuza kando ya barabara, wa mikate, wa ndizi, wa mkaa, yeyote aliyekaa chini na bidhaa yake. Mwaka jana, jioni, mmoja alinifuata toka kituoni, hasemi kitu, nikisimama anasimama. Nikaingia kwa mama mmoja wa ndizi, nikachuchumaa upande wake, ule wa ndani, nikaanza kuchagua ndizi.

“Mama, yambo. Huyu papa ananifuata.”

Hakunitazama hata mimi. Aliinua kichwa, akamtazama yule viatu, suruali, kifua, uso, taratibu, namna wanavyokagua kuku sokoni. Kisha akapaza sauti mpaka wa mkaa na wa vocha za simu wakageuka:

“Weye baba, huyu ni mutoto yangu. Unamutafuta juu ya nini?”

Jamaa akasema anangoja mtu. “Basi ngoya kule,” na kidole kikaonyesha ng'ambo. Nilinunua ndizi nyingi kuliko tulizoweza kula. Hiyo ni sehemu ya utaratibu: nunua, na ukirudi wikendi nyingine pita umsalimie. Sasa nina mama kadhaa wa hivyo kati ya mjini na Kamalondo, kila mmoja na bidhaa yake, na njia zangu nazipanga kwa kuwafuata wao.

Akikugusa, taja nguo zake. “Mwizi!” itakuletea watu watakaompiga, na hilo hutaki kuliona. “Aibu!” haisemi ni nani. “Papa wa shati ya bulu, toa mukono!” inageuza macho ya watu wote kwenye shati moja. Mimi kwa kazi yangu naona nguo kwanza, uso baadaye: kola iliyogeuzwa, kifungo cha tatu si cha shati lile, pindo la suruali limeshonwa kwa uzi mweupe. Zoea kuangalia hivyo. Baadaye ukitakiwa kueleza, “mrefu, mweusi” haitasaidia mtu, na kola iliyogeuzwa haisahauliki.

Sheria inasema nini

Kwa ufupi. Sheria namba 06/018 ya tarehe 20 mwezi wa saba 2006, ile ya ukatili wa kingono, inamwadhibu mtu anayemng'ang'ania mwingine kwa maneno, ishara, vitisho au kwa kutumia cheo chake ili apate ngono: adhabu iliyowekwa mwaka huo ni kifungo cha mwaka 1 hadi 12 na faini ya franga 50 000 hadi 100 000, au kimojawapo tu. Kwa sheria hiyo kesi haianzi bila malalamiko ya aliyetendewa. Mwenye mluzi mmoja kwenye kona haingii humo kirahisi, kwa sababu sheria inataka tabia ya kurudiarudia. Anayeingia vizuri kabisa ni kiongozi wa bendi anayemwambia mwimbaji kwamba maikrofoni inapitia kitandani kwake. Ujumbe wake wa simu usifutwe. Kumshika mtu mwili kwa nguvu ni kosa lingine, lina kifungu chake. Polisi ina kikosi cha kulinda watoto na wanawake. Nenda na mtu, usiende peke yako, na ulichokiona kiandike kwanza nyumbani kikiwa bado kibichi.

Na yakitokea mabaya zaidi, hospitali inatangulia polisi, ndani ya saa 72, kwa sababu dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI hazisaidii baada ya hapo. Usioge, usifue nguo ulizokuwa nazo.

Wao jukwaani

Nilikuwa nadhani rafiki yangu mwimbaji, akishapanda, amepona. Barabara iko chini, yeye yuko juu kwenye taa. Kumbe kutunza ni barabara nyingine.

Tazama inavyokwenda. Atalaku, yule wa bendi anayepaza sauti kuwachangamsha watu, anataja jina la mtu aliyekaa na wageni wake, anamsifu, anamwita mkubwa, na mtu aliyetajwa hawezi tena kukaa. Anainuka. Anakunja noti kwa urefu, vidole viwili, anapanda akicheza kidogo, anatazama nyuma kuhakikisha meza yake inaona. Noti ya kwanza kwenye paji la uso wa mwimbaji, inashikwa na jasho. Watu wanapiga makofi. Ya pili anaishusha shingoni. Ya tatu anaitafutia mahali. Mwimbaji ana maikrofoni mkono mmoja, wimbo uko katikati, gitaa linamngoja, na pesa ile ndiyo nauli ya bendi nzima. Hawezi kumpiga kofi mtu anayemtunza. Yule mtu analijua hilo vizuri sana.

Tulizungumza mpaka usiku na mwenzangu, yeye na kinywaji chake, mimi na sindano. Nikamshonea mfuko begani, upande wa kushoto, mdomo wake mpana kupita upana wa noti, bitana ya njano kali kwenye kitenge cha bulu ili uonekane hata kwenye meza za nyuma. Ndani nimeweka kitambaa kigumu usilale. Atalaku akiona mtu anainuka anaimba palepale, kwa mdundo uleule: “Feza ku bega! Feza ku bega!”, yaani pesa begani. Watu wameuzoea wimbo huo mpaka wanauimba wao, na noti inapokwenda kwingine baa nzima inazomea. Mtu aliyepanda ili aonekane mkubwa hapendi kuzomewa. Chini, mbele ya spika, kuna beseni la wanaotaka kutoa bila kupanda, na mdogo wa mpiga ngoma analilinda.

Wewe uliyekuja kutazama una kazi hapa. Ukimwona mmoja amekaa sana jukwaani, inuka na mwenzako, pandeni wawili mkicheza, kila mmoja na noti yake ndogo, mjiweke katikati yake na mwimbaji. Noti ya 500 inatosha. Hakuna anayeweza kuwafukuza, mnatunza kama yeye. Wanaume mliokuja na sisi, hii mnaiweza kuliko sisi, na sijui mnaikalia kwa nini.

Mwigizaji wetu ana shida ya aina yake. Lubumbashi inapenda tamthilia ya Kiswahili cha mji. Kundi la Mufwankolo lilichekesha watu redioni na kwenye televisheni miaka mingi, na tangu hapo mtazamaji anajiona ana haki ya kuongea na wachezaji. Hiyo ni raha yake, sitaki iishe. Ila mwenzetu alicheza biro ya pili, mwanamke anayekula pesa za bwana wa mtu, akaicheza vizuri mno, na wiki nzima barabarani wanaume walimwita kwa jina la yule mwanamke na kumuuliza bei. Dawa tuliyoipata ni kubadilisha vyote: wigi ndani ya mfuko, viatu vingine, rangi ya mdomo imefutwa kabisa, na nguo ya mchezo haitoki ukumbini ikiwa mwilini mwake. Rafiki wanamngojea ndani, nyuma ya pazia. Wanaomngojea getini na maua wanamwonyesha kwa kila mtu.

Wakati wa Biennale, ile ya sanaa iliyoanza mwaka 2008, maonyesho mengine yanafanyika barabarani kabisa na mji una wageni wengi. Siku hizo ni rahisi kidogo, kila mtu anatazama kila mtu.

Jumapili, Katuba

Ya Jumapili ndiyo naipenda. Karindula inapigwa mchana, uwanjani kati ya nyumba, watoto mbele, vumbi. Chombo chenyewe ni banjo kubwa kabisa: pipa lililovalishwa ngozi ya mbuzi, shingo ndefu ya mti, nyuzi nne, na sauti yake inakuingia tumboni kabla ya masikio. Usisimame kwenye duara na vijana waliokunywa tangu asubuhi. Zunguka, upite nyuma ya wapigaji, utakuta viti na ndoo zilizogeuzwa ambako wamekaa mama zao na wake zao. Sema wewe ni nani kwa kikundi: “Mie ndiye nashonaka manguo ya bachezaji.” Utapewa kiti, utapewa na mtoto wa kupakata, na hakuna atakayekusogelea huko mpaka jioni.

Ondoka kabla haijaisha. Inauma, najua, mwisho ndio mtamu. Lakini basi la Likasi linajaa ndipo liondoke, na ni afadhali ungojee ndani ya basi ukiwa umekaa. Tafuta kiti kando ya mama yeyote, mwombe, “Mama, naikala hapa?”, hata kama kuna viti vitupu vingi; vitajaa.

Ukifika, waandikie wote umefika. Na siku hiyohiyo, kabla hawajasahau, waulize walipanda saa ngapi kweli. Mimi naandika jibu kwenye daftari la vipimo, kwenye ukurasa wa kila mmoja, chini ya bega na kiuno. Tamthilia: ongeza nusu saa kwenye bango. Karindula: haina bango, nenda baada ya chakula cha mchana. Bendi ya Kamalondo: ongeza saa mbili, na umeme ukikatika, tatu.